Nimepewa siku ya kuanzishiwa uchungu na mwili wangu hauna dalili yoyote

Shikamoo mama mkunga,

Nina miaka 27 na hii ni mimba yangu ya kwanza. Leo nimefikisha wiki 40 na siku 5. Mimba yote imekwenda vizuri: presha haijapanda, sukari sina, mtoto amegeuka na kichwa kiko chini. Kliniki ya mwisho daktari alinipima njia, akasema mlango wa kizazi bado umefunga, ni mgumu na uko mbali. Kisha akaandika kwenye kadi kwamba nisiposhikwa na uchungu mpaka Jumatano, siku nitakapokuwa na wiki 41 na siku 2, nije wodini nianzishiwe. Alikuwa na foleni ndefu, kwa hiyo hakunieleza mengi. Nilitoka nikiwa nalia na sikujua hasa nalilia nini.

Tangu siku hiyo kila mtu ana lake. Dada yangu, ambaye amezaa wawili bila kuguswa, anasema mtoto anajua siku yake na nisikubali kuharakishwa. Rafiki yangu alianzishiwa Jumatatu usiku, akahangaika mpaka Jumatano, mwisho akaishia kisu. Anasema uchungu wa dripu haufanani na uchungu wa kawaida hata kidogo. Mama mkwe ameniletea kifurushi cha mizizi ya kuchemsha, anasema nikinywa jioni mbili tu sitahitaji kwenda kuanzishiwa. Nimekificha kabatini. Sijanywa bado, ila kila usiku nakifikiria. Mume wangu anasema tufuate alichosema daktari, lakini namsikia akijigeuza kitandani mpaka alfajiri.

Naomba unijibu kwa ukweli. Je, naruhusiwa kukataa? Ni kweli kwamba ukianzishiwa mimba ya kwanza utapasuliwa? Maumivu yake yakoje? Na ile dawa ninywe? Halafu lipo moja ambalo naona aibu kulisema: najiona kama mwanamke niliyeshindwa kazi kabla hata ya kuianza.

Mwenye tumbo lisilotaka kushuka

*

Marahaba mwanangu.

Naanza na kifurushi, kwa sababu mengine yanaweza kusubiri mpaka Jumatano lakini hicho kiko kabatini usiku huu. Usinywe. Sisemi hivyo kwa kudharau mizizi; baadhi yake ina nguvu kweli ya kukaza kizazi, na hapo ndipo hatari ilipo. Kizazi kinapokaza, damu inayopita kwenye kondo kwenda kwa mtoto hupungua. Kikilegea, mtoto anapata tena hewa yake. Uchungu salama ni ule wenye mapumziko katikati. Dawa ya kuchemsha haina kipimo, na ikishaingia tumboni hakuna namna ya kuitoa. Ukiinywa Jumanne jioni na Jumatano ukapewa dawa ya hospitali, mbili hizo zitakutana ndani yako na mkunga atakayekuwa zamu hatajua kwa nini kizazi hakiachii. Mafuta ya nyonyo nayo, ambayo hakika kuna mtu atakushauri, mara nyingi humwachia mjamzito kuhara na kichefuchefu wakati anahitaji nguvu zake zote. Mama mkwe mwambie, "Nashukuru mama, ila daktari amesema nisichanganye dawa." Hiyo si kumkosea adabu, na lawama anabeba daktari, ambaye amezoea. Na kama ulishaonja hata kijiko, mwambie mkunga. Hatakugombeza, na akikugombeza, vumilia, lakini ajue.

Sasa, kwa nini Jumatano? Nasikitika kwamba hukuelezwa, maana naamini nusu ya machozi yako yangekauka pale pale kwenye kiti.

Kondo halifanyi kazi milele. Kadiri mimba inavyopita wiki 41, uwezekano wa mtoto kufia tumboni bila dalili yoyote unaongezeka. Sikia vizuri: ni uwezekano mdogo, na wanawake wengi waliofika wiki 42 wamezaa watoto wazima. Lakini unapanda, na mama hawezi kuuhisi ukipanda. Sweden walifanya utafiti, ukachapishwa mwaka 2019, wakiwalinganisha wanawake walioanzishiwa wiki ya 41 na waliosubiri mpaka 42. Walikuwa 2,760, na utafiti ulisitishwa kabla ya wakati wake kwa sababu upande wa waliosubiri walikufa watoto 6, na upande wa walioanzishiwa hakufa hata mmoja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanzishiwa kwa mwanamke ambaye kuna uhakika kwamba ametimiza wiki 41. Kwa hiyo daktari wako hajakuharakisha. Amekupa hata siku mbili za ziada.

Hilo neno "uhakika" ndilo ninalotaka ulikague. Angalia kadi yako: tarehe ya matarajio ilitokana na nini? Kama ulipigwa picha ya ultrasaundi katika miezi mitatu ya mwanzo, tarehe yako ni ya kuaminika. Kama ilihesabiwa kwa hedhi ya mwisho peke yake, na hedhi zako zilikuwa za kurukaruka, mwambie daktari kabla ya Jumatano, maana huenda wiki 41 zako kwa kweli ni 39. Picha inayopigwa mwishoni mwa mimba haisaidii sana kurekebisha umri. Inakosea kwa wiki nzima na zaidi.

Kukataa unaruhusiwa. Mwili ni wako, na hakuna anayepaswa kukuwekea dawa bila ridhaa yako. Lakini kukataa siyo kukaa nyumbani na kuzima simu. Ukichagua kusubiri, omba upangiwe vipimo, angalau mara mbili kwa wiki: mapigo ya moyo wa mtoto na kiasi cha maji yanayomzunguka. Ukiniuliza mimi ningefanya nini nikiwa na mimba yako na tarehe yako ina uhakika, ningekwenda Jumatano. Dada yako anasema mtoto anajua siku yake. Nampenda dada yako kwa kukutetea, ila mtoto hajui hali ya kondo lake.

Na hilo la kushindwa, lisahau kabisa. Ni watoto wachache sana wanaozaliwa tarehe ile ile iliyoandikwa kwenye kadi, na mimba za kwanza zina tabia ya kupitiliza kuliko zinazofuata. Mwili wako umemlea mtu kutoka kitu kisichoonekana kwa macho. Kama umechelewa kufungua mlango, umechelewa tu.

Tuje kwenye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote: siku ya kuanzishiwa siyo siku ya kujifungua. Wanawake wengi huingia wodini asubuhi wakidhani jioni watakuwa wamebeba mtoto. Ikifika jioni hawajahisi hata kubanwa kidogo, wanaanza kusema "imeshindikana", na nyumbani simu hazikatiki. Haijashindikana. Haijaanza.

Kuanzishiwa kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kuulainisha mlango, ya pili ndiyo kuleta uchungu wenyewe. Daktari aliposema umefunga, ni mgumu na uko mbali, hakuwa akikukatisha tamaa. Alikuwa anakupa alama. Mwaka 1964 daktari mmoja wa Marekani, Edward Bishop, alipanga namna ya kuupima mlango wa kizazi kwa pointi: umefunguka kiasi gani, umepungua urefu kiasi gani, ni laini au mgumu, umeelekea wapi, na kichwa cha mtoto kimeshuka mpaka wapi. Alama zikifika 8 na kuendelea, mlango uko tayari. Zikiwa chache kama zako, itabidi ulainishwe kwanza, na kulainisha kunaweza kula siku nzima, na usiku wake pia.

Hata kabla ya Jumatano unaweza kuomba jambo moja: Jumatatu au Jumanne mkunga akupime na, ikiwezekana, aingize kidole kwenye mlango na kukizungusha ili kuitenganisha chupa, yaani mfuko wa maji ya mtoto, na ukuta wa kizazi. Kunauma kwa dakika chache na kunaweza kuacha damu kidogo na kubanwa kusiko na mpangilio. Lakini kunapunguza idadi ya wanaolazimika kuanzishiwa kwa dawa. Mlango ukiwa umefunga kabisa kidole hakitapita, basi.

Wodini utapewa mojawapo ya njia mbili. Moja ni mpira mwembamba unaopitishwa mlangoni, kisha kiputo chake kinajazwa maji kikabaki kinasukuma taratibu kwa ndani. Mlango ukifunguka sentimita 3 au 4 kinadondoka chenyewe, na kudondoka huko ni habari njema hata kama hujahisi uchungu. Njia ya pili ni dawa: jeli au kidonge cha ukeni, au misoprostoli ya kunywa. Misoprostoli ilitengenezwa awali kwa ajili ya vidonda vya tumbo, kwa hiyo usishtuke ukiona karatasi yake inazungumzia tumbo la chakula. Kipimo cha kuanzishia uchungu ni mikrogramu 25, wakati kidonge cha kawaida kina 200. Yaani sehemu moja ya nane. Ndiyo maana dawa hii hainunuliwi dukani na kumezwa nyumbani, hata kama shoga yako anajua inapopatikana.

Mlango ukishalainika, ikibidi wataipasua chupa na kukuwekea dripu ya oksitosini. Watu wanaiogopa dripu kuliko vitu vyote, na mimi naiona tofauti kidogo. Kidonge kikishayeyuka kimeyeyuka. Dripu inapunguzwa kwa kugeuza kidude, na ikifungwa, nguvu yake inaanza kushuka ndani ya dakika chache. Ina maana lakini kwamba lazima awepo mtu wa kuigeuza. Ukiwa kwenye dawa hizi hupaswi kuachwa bila uangalizi: mtu ahesabu uchungu wako, na moyo wa mtoto usikilizwe. Uchungu ukizidi mara 5 ndani ya dakika 10, umezidi. Mume wako anaweza kuhesabu pia, na akiona unabanwa bila kupata nafasi ya kupumua, akamwite mkunga bila kuona haya.

Ratiba yako basi isome hivi: Jumatano kulainisha, Alhamisi huenda uchungu, mtoto Alhamisi au Ijumaa. Akija mapema zaidi, tutashukuru. Shirika la Afya Duniani linahesabu uchungu uliokolea kuanzia sentimita 5. Yote yanayotangulia hapo ni maandalizi, na maandalizi ya mimba ya kwanza ni marefu hata kwa asiyeanzishiwa. Kwa hiyo lala kila upatapo nafasi. Kula na kunywa mpaka utakapoambiwa usile. Tembea. Chagua mtu mmoja wa kupeleka habari kwa ndugu, simu yako iwe kimya. "Vipi, bado?" ya saa nne usiku imewavunja moyo wanawake ambao uchungu haukuwavunja.

Rafiki yako nampa pole, na simkatalii alichopitia. Lakini hadithi yake haithibitishi kwamba kuanzishiwa ndiko kulikompeleka kwenye kisu. Kosa la hesabu hiyo ni kumlinganisha aliyeanzishiwa na aliyeshikwa na uchungu mwenyewe siku hiyo hiyo. Wewe Jumatano huna chaguo la kushikwa na uchungu. Una chaguo la kuanzishiwa au la kuendelea kusubiri. Marekani walipofanya ulinganisho huo kwa wanawake zaidi ya 6,000 wenye mimba ya kwanza isiyo na matatizo, majibu yakatoka mwaka 2018: walioanzishiwa wiki ya 39 waliopasuliwa walikuwa asilimia 18.6, na waliosubiri walikuwa 22.2. Wiki zao siyo zako, na sikuambii ukaanzishiwe ili ukwepe upasuaji. Nakwambia tu kwamba imani ya "ukianzishwa utapasuliwa" haikusimama ilipopimwa.

Upande wa pili wa ukweli ni huu: mwenye mimba ya kwanza na mlango mgumu ana uwezekano mkubwa wa kupasuliwa kuliko mwenye mlango ulio tayari. Hapo subira ya wahudumu ina uzito. Kwa hiyo ukifika Jumatano uliza mapema: "Mkishanipasua chupa na kuniwekea dripu, mtasubiri muda gani kabla ya kusema imeshindikana?" Madaktari wa uzazi wa Marekani wanashauri angalau saa 12 hadi 18 ikiwa mama na mtoto wako salama. Na dawa ya kwanza isipofanya kazi, hiyo peke yake siyo sababu ya kwenda chumba cha upasuaji. Unaweza kupumzishwa, ukabadilishiwa njia, ukaanza tena. Moyo wa mtoto ukianza kuyumba, hayo ni mengine, na hapo ningependa usibishane na mtu.

Maumivu. Uliomba ukweli: wengi wanaoanzishiwa, hasa kwa dripu, husema unauma zaidi. Uchungu unaokuja wenyewe kwa kawaida hupanda ngazi moja moja na mwili ukapata muda wa kuzoea. Wa dripu unaweza kukufikisha juu haraka. Mikanda ya kusikiliza mtoto nayo inakufunga kitandani usipojihadhari. Omba kusimama kando ya kitanda, kukaa kwenye mpira, kupiga magoti ukiegemea mto. Mikanda haizuii hayo. Uliza siku ya kwanza, ukiwa na akili timamu, wana nini cha kupunguza maumivu: sindano ya ganzi ya mgongoni, gesi ya kuvuta, sindano ya kawaida. Kama ganzi ipo na unaitaka, iombe kabla hujafika mahali pa kupiga kelele. Hakuna nishani inayotolewa kwa kukataa. Na kila wanapotaka kupima njia, una haki ya kuuliza kwa nini sasa, na ya kusema "subiri huu upite kwanza".

Mume wako aje kama wodi inaruhusu. Kuwa na mtu wako karibu wakati wote wa uchungu kunasaidia kweli, na tafiti zinaonyesha hivyo tena na tena. Ila asikeshe usiku wa kwanza akikutazama umelala. Alale, alete kitafunwa, aje na nguvu siku ya pili, ambayo ndiyo utamhitaji. Mpe karatasi yenye maswali yako matatu: mnatumia njia gani kwangu, mtasubiri mpaka lini, na mkiona nini mtabadili mpango. Ukiwa katikati ya uchungu hutakumbuka kuuliza, yeye atauliza.

Mpaka Jumatano, mhesabu mtoto anavyocheza. Usikubali maneno kwamba mwishoni watoto hutulia kwa kukosa nafasi. Staili ya kucheza inaweza kubadilika, lakini asipungue. Akipungua, au ukatokwa damu, au maji yakatoka ya kijani au ya kahawia, au ukaumwa kichwa kisichosikia dawa, kuona maluweluwe, au maumivu makali chini ya mbavu upande wa kulia, usisubiri siku iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda saa hiyo hiyo, hata iwe saa tisa usiku, na hata kama mara ya kwanza watakurudisha nyumbani wakisema hamna kitu.